Nibaki kwenye kampuni inayokimbiwa au nihamie ile ndogo?

karatasi_nyeupe: Wakuu habari za kazi. Hapa nilipo watu wanaacha kazi mfululizo, mameneja wengine waliondoka hata hatujawazoea. Sasa nimeambiwa nikaimu nafasi ya aliyeondoka, na huku kampuni moja ndogo inanihitaji. Kipi bora? Ijumaa natakiwa nijibu.

MamaLeja: Mbona hujasema kitu! Mkataba ni wa kudumu au wa muda? Notisi je? Hao wanaokuita wamekupa barua au ni maneno ya simu? Na huko kukaimu kuna posho, au kazi mbili mshahara mmoja?

Fundi_Mifumo: Hama. Watu wakiondoka hivyo, tatizo lipo juu.

BadoNipo: Napinga. Kampuni inayokimbiwa ndiyo unapanda haraka. Nilianza karani, leo nasimamia kitengo kwa sababu walionitangulia wote walisusa. Chukua cheo kwanza, uhame nacho.

Tabasamu_Jumatatu: BadoNipo, hicho cheo mimi nakijua. Nilifundishwa kazi na dada ambaye naye alikuwa mgeni, anasoma kwenye daftari la mtu aliyeshaondoka. Nyuma ya daftari kulikuwa na nywila zote, na chini yake: "bosi akisema kesho, usimsubiri." Nikacheka. Kumbe bosi anatoa agizo asubuhi, jioni analiruka mbele ya mteja huku anatukodolea macho sisi. Mtu akiacha kazi, mafaili yake tunagawiwa tuliobaki. Nikakaimishwa kwa barua isiyo na tarehe ya mwisho. Akaletwa meneja kutoka nje, nikaambiwa nimfundishe! Naye hakumaliza kipindi cha majaribio, nikarudishiwa kukaimu.

BadoNipo: Si ungekataa kwa maandishi?

Tabasamu_Jumatatu: Ukikataa unaambiwa huna ushirikiano.

Fundi_Mifumo: Na yale mahojiano ya siku ya kuondoka yasikuponze. Shukuru, saini, toka.

MamaLeja: Hapo sikubali. Mkinyamaza wote, wanaobaki watasaidiwa na nani?

Fundi_Mifumo: Mwajiri mpya akipiga simu kuuliza habari zako, anayepokea ni huyohuyo uliyemsema.

karatasi_nyeupe: Samahani, nilikuwa kikaoni. Mkataba wa kudumu, notisi mwezi mmoja. Barua ya huko bado, wanasema inaandaliwa. Posho ya kukaimu nitalipwa "mambo yakikaa sawa".

MamaLeja: Yaani huna barua na Ijumaa unataka kujibu! Usiache kazi mpaka uwe na barua iliyosainiwa. Na hao wanaokuita, uliwauliza aliyekuwa na nafasi hiyo kaenda wapi?

karatasi_nyeupe: Walisema ameamua kufanya mambo yake.

Fundi_Mifumo: Hahaha, hata sisi huwa tunawajibu hivyo wanaokuja kwenye usaili.

Tabasamu_Jumatatu: BadoNipo, hicho kitengo chako kina watu wangapi?

BadoNipo: Kwa sasa nipo mwenyewe. Wawili wanaletwa mwezi ujao.