Naomba ushauri: deki ndogo ya DVD au tableti kwa ajili ya mama?

Wakuu, habari zenu. Mama yangu yuko kijijini huko Songea, umeme wake ni sola ya volti 12, na ana DVD za kwaya kama 40 anazozipenda mno. Nataka kumnunulia deki ya kubebeka yenye kioo chake, inchi 9 kwenda juu, maana macho yameanza kuchoka. Niliyoijaribu Kariakoo ilisoma flashi yenye video za AVI, ila za MKV (aina nyingine ya faili za video) ikazigomea. Tableti inacheza zote, ila haina pa kuweka diski, na mama anapenda kubonyeza kitufe akisikie.

Mliowahi kutumia, betri inadumu saa ngapi kweli? Na chaja ya gari nikiichomeka kwenye betri ya sola, jua likiwaka volti zinapita 14, haitaunguza?