Mrejesho: fayawoli ya akiba imeshika zamu

Wakuu, ahsanteni. Niliuliza kwa nini fayawoli (kinga ya mtandao) ya akiba kwenye AWS, wingu la Amazon, haishiki zamu ile kuu ikizimwa, ofisi ya Malindi ikabaki bila mtandao. Mlichosema ndicho: VPC (mtandao binafsi ndani ya AWS) ya kawaida haipitishi maltikasti (ujumbe mmoja kwa wapokeaji wengi), basi keepalived (programu inayoamua fayawoli ipi ishike zamu) hazisikiani na kila moja inajiona kuu. Nimeweka unicast_peer (zitumiane ujumbe moja kwa moja) na kufungua itifaki namba 112 (VRRP, ambayo keepalived huitumia) kwenye kanuni za usalama. Zikasikiana papo hapo.

Kusikiana peke yake hakutoshi. Tangazo la ARP (la kusema anwani ya IP sasa iko kwenye mashine ipi) halihamishi kitu kwenye wingu, kwa hiyo skripti ya notify_master (huendeshwa fayawoli inapokuwa kuu) ndiyo inayoita replace-route (amri ya AWS ya kubadili njia) na kuelekeza 0.0.0.0/0 (njia ya msingi ya kutoka nje) kwenye kadi ya mtandao ya fayawoli iliyopanda. Ruhusa ya ec2:ReplaceRoute ilikuwapo, na bado skripti iliganda: wito wake ulipitia njia ileile iliyokufa! Dawa ni endipointi ya EC2 (mlango wa kuifikia huduma ya mashine za AWS bila kupitia intaneti) ndani ya VPC.

Ukaguzi wa chanzo na kikomo (source/destination check, unaokataa pakiti zisizotoka wala kwenda kwa mashine yenyewe) uzimeni kwenye kadi za fayawoli zote mbili. Ya akiba ikisahaulika, pakiti zinamezwa kimya kimya, na jedwali la njia linaonekana safi kabisa.

Miunganisho iliyokuwa wazi bado inakatika, conntrackd (inayonakili hali ya miunganisho kwenda fayawoli ya pili) sijaiweka.