Mrejesho: majina ya mahali huku Lewis

Ndugu zangu, nimerudi. Niliuliza jinsi ya kuhifadhi majina ya vilima, vijito na visima vya parokia ninayoishi, Lochs, kisiwani Lewis, Uskoti, kabla wazee hawajaondoka nayo. Mlinishauri nianze na daftari za majina za wapima ramani wa Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, wa karne ya 19, kisha niwaendee wazee wenyewe. Asanteni sana.

Daftari zimenisaidia: kila jina lina tahajia zake na watu walioithibitisha. Lakini utamu uko kwa bibi jirani yangu. Nilimrekodi sauti, maana Kigaeli, lugha ya wenyeji wa huku, kinavyoandikwa na kinavyotamkwa ni mbali mno. Allt ni kijito, cnoc ni kilima, tobar ni kisima. Kwenye neno àirigh, yaani kambi ya malisho ya kiangazi, alinyamaza kidogo, akanionyesha mahali nyasi zimekoza kijani katikati ya nyika. Hapo ndipo wanawake na wasichana walipohamia na ng'ombe wakati wa kiangazi. Samadi ya miaka hiyo bado inarutubisha ardhi.

Majina manne aliyonitajia hayamo kwenye ramani yoyote niliyoiona. Jumamosi naenda kwa wavuvi, kuuliza ya miamba.