Ndege wa kijani mwenye mabawa mekundu Ngosi, tumpateje?

mama_wawili_Mbeya: Wakuu habari za Jumapili. Jana nilipanda Ziwa Ngosi, lile la kreta juu ya mlima, na wanangu, tumekaribia ukingoni akapita ndege mkubwa wa kijani, kufungua mabawa mekundu kabisaa, alivyotua tu wekundu ukapotea na yeye tukampoteza. Wa darasa la nne tangu jana ananiuliza jina. Ni ndege gani? Safari ijayo tunataka kulala na hema.

isongole_kwetu: Huyo ni shorobo, dada. Wekundu uko kwenye manyoya makubwa ya bawa, akikunja ndo hauuoni tena. Rangi yenyewe ina shaba ndani, shaba hii hii ya nyaya za umeme, na ni ya ukoo wao tu. Sasa wengi wanamtafuta angani wakati kuruka si kazi yake, anakimbia juu ya tawi kama kindi. Uwe msituni kwenye saa kumi na mbili asubuhi, tafuta mti wenye matunda, kaeni chini yake kimya hata dakika ishirini. Utasikia ko-ko-ko nzito kama mtu anakoroma, halafu vipande vya matunda vinaanza kuwadondokea. Hapo ndo uinue darubini, taratibu.

hema_na_chai: Msifunge hema ndani ya hifadhi bila ruhusa, na mchukue kijana wa kuwaongoza, mvua ikinyesha ile njia inateleza vibaya. Juni mpaka Agosti bebeni mablanketi ya kutosha. Kwa watoto mimi ningeanza na Ziwa Masoko kule Rungwe, unafika majini bila kupanda mlima, miti imelizunguka na jengo la Wajerumani liko hapo hapo. Ila acheni spika nyumbani jamani. Mimi nilipiga muziki toka asubuhi sikuona kitu, betri ilipoisha ndo akatokea ndege anaitwa mdiria, mweusi na mweupe, akasimama hewani anapiga mabawa palepale, kisha pwaa! kichwa chini majini. Nilijuta yale masaa.

nyasi_za_Kitulo: Mkipata nafasi Januari njooni na Hifadhi ya Kitulo, mbayuwayu wa buluu wanakuwa wamekuja kuzaa. Kiota ni cha tope, ndani ya mashimo ya ardhini, kwa hiyo watoto wasichungulie mashimo wala kurusha mawe. Wamebaki wachache sana.

mama_wawili_Mbeya: Asanteni mno. Shorobo! Ameshaliandika kwenye daftari. Jumamosi tunaanza na Masoko, spika inabaki.