Kulipia programu ya kuhariri picha kila mwezi wakati napiga kwa mapenzi tu: nilipie au nibaki na za bure?

Chumvi ya Pwani
Wakuu, habari za jioni. Jambo hili linanisumbua wiki ya pili sasa na nataka niamue kabla mwezi haujaisha. Napiga picha kwa mapenzi, sina studio wala sichukui oda. Mpaka sasa nahariri kwenye simu kwa Snapseed, programu ya bure. Nimepata laptopu, nataka kuhamia kwenye programu za kitaalamu.

Bei za Adobe, kampuni yenye Lightroom (ya kupanga na kusahihisha picha) na Photoshop (ya kuhariri kwa kina), nimeziangalia. Lightroom peke yake dola 11.99 kwa mwezi, Lightroom pamoja na Photoshop dola 19.99. Ule mpango wa dola 9.99 wenye GB 20 za hifadhi ya mtandaoni wateja wapya hawaupati tena tangu Januari 2025. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,500, huo wa pamoja unakaribia laki sita kwa mwaka. Kwa laki sita natafuta lenzi.

Jirani yangu anasema ukishazoea Lightroom hurudi nyuma. Mwenzangu kazini anasema ni kutupa hela. Nyinyi mliotangulia mnanishaurije?

Fundi Kivuli
Mkuu, umeuliza swali ukatuficha nusu yake. Kamera gani? Unapiga RAW (faili ghafi la kamera) au JPEG (picha ambayo kamera imeshaibana)? Laptopu ina RAM kiasi gani? Unapiga watu, ndege au mandhari? Lightroom Classic, toleo lake la kompyuta, inataka RAM isiyopungua GB 8, na wenyewe wanashauri 16. Kama yako ina 4, hakuna haja ya kuendelea kujadili.

Mama Nasra
Mwanangu, na picha zikishahaririwa zinaenda wapi? Kama ni status ya WhatsApp, kule zinabanwa na nusu ya kazi yako inapotea njiani. Kama ni kusafisha za inchi 4 kwa 6 ukabandike kwenye albamu, picha hiyo kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800 tu, programu yoyote inatosha. Kama unataka kutundika ukutani picha ya upana wa mita, hayo ni mazungumzo mengine.

Nahodha wa Kilindini
Salaam kutoka Mombasa. Mimi nasema darktable, programu ya kuhariri RAW, wala sitachoka kuisema. Ni ya bure, ipo tangu 2009, inafanya kazi Windows, Mac na Linux, na haikudai kadi ya benki. Nimeitumia miaka minne kwa picha za bandarini, jua kali na vyuma vinavyong'aa, na sijakwama.

Tahadhari moja: siku za kwanza itakutoa jasho. Ina moduli nyingi mno na majina yake ni ya kihandisi. Mimi nilizima zote nikabakisha sita: mwanga, mizania ya rangi nyeupe, ile ya kubana mwanga mkali na kivuli, kunyoosha, kuondoa chembechembe na ukali. Baada ya mwezi mmoja mkono ukazoea.

Na wanaokuambia utumie GIMP, ile programu ya bure inayofanana na Photoshop, wakumbushe kwamba GIMP haifungui RAW peke yake. Inahitaji darktable au RawTherapee, nyingine ya bure ya RAW, iitangulie.

Chumvi ya Pwani
Samahanini, kweli niliruka mambo. Kamera ni Canon 250D na lenzi yake ya 18-55. Laptopu ni ya mtumba, Windows, RAM GB 8, SSD ya GB 256. Napiga JPEG. Mara nyingi ni wavuvi pale Kunduchi alfajiri, na watoto wa nyumbani. Mama Nasra, zinaishia kwenye simu, ila ndoto yangu ni kutundika chache sebuleni.

Fundi Kivuli
Unapiga JPEG! Basi kaka, weka pochi mfukoni kwanza.

Kamera yako kwenye RAW inaandika biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi. JPEG ina biti 8, ngazi 256. Kamera imeshaamua kwa niaba yako na mengine imeyatupa. Mvuvi wako amesimama, jua linachomoza nyuma yake, uso umekuwa mweusi ti. Ukiuinua uso huo kwenye JPEG unapata matope na mabaka. Kwenye RAW unaona mpaka mikunjo ya jicho. Hata ungelipa dola mia kwa mwezi, Lightroom haiwezi kurudisha kilichotupwa.

Canon wana programu yao ya bure, Digital Photo Professional. Inafungua mafaili ya kamera yako na rangi zake zinafanana na zile unazoziona kwenye kioo cha kamera. Nikon nao wana NX Studio, bure vilevile. Piga RAW mwezi mzima, hariri humo, ndipo uje utuambie umekwama wapi. Halafu tafuta na diski ya nje. Faili moja la RAW ni karibu MB 30, GB 256 hazifiki mbali.

Kijana wa Agrey
Wakuu mnamzungusha bure. Kuna mafundi kibao mjini, elfu ishirini unawekewa Photoshop na Lightroom zilizokrekiwa, yaani zilizovunjwa kufuli usilipie, maisha yanaendelea. Mimi natumia hivyo miaka yote.

Mama Nasra
Kijana, nakuomba usimpe mwenzio ushauri huo. Nieleze yaliyonikuta.

Mwaka juzi fundi mmoja aliniwekea hivyohivyo. Aliniambia, "Mama, kwanza tuzime antivairasi, itatusumbua." Nikakubali, sikujua ninachokubali. Wiki ya tatu nawasha mashine asubuhi nichague picha za Idi, naona kila jina la faili limeongezewa herufi nisizozijua, na kila folda lina barua ya Kiingereza inayodai nilipe kwa bitikoini. Picha kama elfu tisa, za miaka sita. Diski ya nje niliiacha imechomekwa usiku ule, nayo ikaliwa yote.

Mle mlikuwa na picha za mwisho za mama yangu. Amekaa barazani anachambua mchele, jua la saa kumi linampiga upande mmoja wa uso, ametazama chini, hajui kama nampiga. Nilizunguka kwa mafundi wawili. Wa kwanza alichukua elfu hamsini, siku ya nne akaniambia haiwezekani. Wa pili alisema ukweli palepale, nikamshukuru. Zilizobaki ni tatu tu, kwa sababu nilikuwa nimemtumia dada yangu Muscat kwa WhatsApp. Ni ndogo, ukizikuza zinakatikakatika. Moja ndiyo iko ukutani, na kila nikipita najua ile halisi ilikuwa na nini ambacho hii haina.

Sasa nina diski mbili. Moja inakaa kwa mdogo wangu na haichomekwi ila siku ya kunakili. Programu natumia za bure na silali na wasiwasi.

Kijana wa Agrey
Pole sana Mama. Hilo la picha za mzazi limenigusa kweli. Ila sitasema uongo, mimi halijanikuta, na kwa kipato changu dola 20 kila mwezi ni bando la nyumba nzima.

Fundi Kivuli
Kipato tunakielewa, na ndiyo maana tunataja za bure. Lakini kumbuka wengi wetu humu tumeshalalamika picha zetu kuchukuliwa na kurasa za Instagram bila ruhusa. Aliyeandika programu naye ni mwenye kazi yake.

Dada Nuru
Mbona hakuna aliyetaja Affinity, programu ya kuhariri picha? Mimi niliinunua zamani kwa kulipa mara moja. Mwaka 2024 Canva, kampuni ya usanifu mtandaoni, wakainunua, na Oktoba 2025 wakaiachia bure, ya picha, ya michoro na ya kupanga kurasa zote zikawa programu moja. Unahitaji akaunti ya Canva tu. Zana za akili mnemba ndizo za kulipia, mimi sizigusi. Inafungua RAW, ina matabaka na brashi, na inaendana na mazoea ya mtu wa Photoshop. Kwangu GIMP ni ngumu kuizoea, ingawa toleo la 3.0 la Machi 2025 limekuja na vichujio unavyoweza kuvirekebisha baadaye bila kuharibu picha.

Ila Affinity haikupangii maktaba. Ukiwa na picha elfu kumi na unatafuta ile ya Bagamoyo ya mwaka gani sijui, Lightroom ndipo inaposhinda wote. Watu wanadhani wanalipia rangi, kumbe wengi wetu tungelipia makabati.

Nahodha wa Kilindini
Dada Nuru, bure ya kampuni nina hofu nayo. Adobe nao waliuza Photoshop ya kununua mara moja, toleo la mwisho lilikuwa CS6 la mwaka 2012, mwaka uliofuata wakahamia kodi ya kila mwezi. Lightroom 6 ikafuata njia hiyohiyo 2017. Leo umepewa bure, keshokutwa mwenye mali akibadili mawazo utamwambia nini? darktable haina mmiliki wa kubadili mawazo.

Dada Nuru
Hofu yako naielewa, na ndiyo maana kila nikimaliza picha naihifadhi pia kama TIFF, faili ambalo programu nyingine zinalifungua. Lakini nisiache kutumia kisu kizuri leo kwa sababu kesho kinaweza kupanda bei.

Fundi Kivuli
Chumvi, kama bado Adobe iko moyoni, ujue mambo mawili. Mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi una masharti: ukivunja baada ya siku 14, unatozwa nusu ya kilichobaki. Soma kabla hujabonyeza. Pili, ukiacha kulipa, Lightroom Classic haikufungii picha zako, unaziona na kuzitoa, ila sehemu ya kuhariri inafungwa.

Na ile zana ya kuondoa chembechembe za picha za giza iliyoingia Lightroom Aprili 2023 ni nzuri kweli kwa picha za alfajiri, lakini inataka kadi ya michoro (GPU) yenye nguvu. Kwa laptopu ya mtumba utasubiri dakika nyingi kwa kila picha.

Nahodha wa Kilindini
Kwa walioko Kenya, kadi ya M-Pesa GlobalPay inalipia vitu hivi. Nyinyi wa Bara mtajuana na benki zenu.

Kijana wa Agrey
Mimi sababu yangu ya Lightroom ni priseti, mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari. Naweka moja, harusi nzima imeng'aa, maharusi wanafurahi.

Mama Nasra
Hizo priseti ndizo zinazotugeuza weupe! Mwanangu aliolewa mwaka jana, weusi wake wa kupendeza kama wa bibi yake, albamu imekuja bibi harusi ana rangi ya biskuti. Nililia.

Dada Nuru
Mama umesema jambo ambalo natamani kila mpiga picha alisikie. Priseti nyingi zimetengenezwa kwa ngozi za Ulaya. Zinapandisha mwanga wa rangi ya chungwa, na ngozi zetu karibu zote ziko kwenye chungwa, basi uso unachujuka na kuwa kijivu. Ukitumia priseti, rudi kwenye chungwa na nyekundu, shusha mwanga wake mpaka ngozi irudi, kisha ongeza mwangaza wa pembeni kwenye paji la uso na shavu. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao wake. Ukiipaka mwanga sawa kote umeiua.

Na si jambo la leo. Enzi za filamu, Kodak walizipa maabara kadi za kupimia rangi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Mashine ikipangwa kwa uso huo, sisi tunatoka meno na macho.

Kijana wa Agrey
Dada, wateja wenyewe wanaomba weupe. Nikimpa rangi yake anasema picha ina giza.

Dada Nuru
Mpe zote mbili uzichapishe kwa karatasi nzuri. Nimefanya hivyo mara kadhaa, na iliyotundikwa sebuleni ni ile yenye rangi yake.

Mzee wa Forodhani
Wanangu, nimewasoma tangu juu. Nimesafisha picha kwa dawa kwenye chumba cha giza kabla wengi wenu hamjazaliwa, na ngozi tuliijua kwa sekunde za mwanga chini ya mashine ya kukuzia. Uso ukitaka kuwa mweusi mno unaukinga mwanga kwa kiganja, ukitaka kuwa mweupe mno unauongezea mwanga. Hicho mnachokiita kuhariri tulikifanya kwa mikono, rangi nyeusi na nyeupe tu. Nendeni Mji Mkongwe mkaangalie picha za Capital Art Studio, duka lililoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Weusi wa watu umo, weupe wa kanzu umo, na hakuna kimoja kilichokula kingine.

Nahodha wa Kilindini
Shikamoo mzee. Negativu zako bado unazo?

Mzee wa Forodhani
Marahaba. Ninazo, makopo manne ya biskuti. Joto na chumvi ya bahari vimeanza kuzila pembeni, nyingine zinanuka siki.

Fundi Kivuli
Mzee, hiyo harufu ya siki ni plastiki yenyewe inaoza, na gesi yake inaambukiza zilizo jirani. Zitenganishe leo, zitoe kwenye makopo, weka kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu penye baridi, zinazonuka zikae mbali na nzima. Kisha tuzinakili kwa kamera, tukizimulika kwa nyuma.

Chumvi ya Pwani
Nashukuruni wote. Leo alfajiri nimepiga RAW kwa mara ya kwanza, mzee mmoja anavuta jarife, jua nyuma yake. Nimeinua uso kwenye programu ya Canon na kweli ndevu zimetokea moja moja. Lightroom bado inanivuta kwa ajili ya kupanga picha, sijaamua. Affinity inashuka sasa hivi, bando likiruhusu.

Mzee wa Forodhani, mwezi ujao nakuja Unguja kwa boti. Nina lenzi hiyo ya 18-55 tu. Fundi, inatosha kunakilia negativu, au nitafute ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu?