Wakuu msaada: draya inazunguka vizuri ila haitoi joto, fundi keshabadilisha kila kitu

ChapaMbezi
Habari za jioni wakuu. Nina draya ya umeme hapa Mbezi, ya mashuka ya vyumba vya wageni. Inawaka, ngoma inazunguka, kelele hamna, ila nguo zinatoka na baridi yake kama zilivyoingia. Fundi keshabadilisha elementi (koili ya kupasha joto), themostati mbili na fyuzi ya joto. Bado. Masika haya mashuka hayakauki na wageni wapo. Shida ni nini? Majibu ya kitaalamu tafadhali.

Bi_Sabuni
Anza na vumbi la nguo. Toa chujio, limwagie maji: yakituama juu ya wavu badala ya kupita, kuna utando wa vilainishi, sugua kwa brashi na sabuni. Halafu vuta mashine, chomoa bomba la nyuma, safisha mpaka kwenye feni. Bomba liwe la bati, inchi 4, fupi, kona chache. Yale ya plastiki yenye mikunjo tupa, yanashika vumbi na yanashika moto.

Nyutro
Bi Sabuni, bomba likiziba nguo hutoka za moto na bado mbichi. Huyu anasema baridi kabisa.
Mleta mada: chomoa umeme, toa waya mmoja kwenye elementi, pima. Omu ngapi? Na kibandiko kwenye fremu ya mlango kinasemaje? Nataka volti, hezi (mapigo ya umeme kwa sekunde) na wati.

ChapaMbezi
Omu 10 na nusu hivi. Nzima. Kibandiko kimefutika.

Mzee_wa_Kamba
Dar jua la bure, kamba ya katani buku tatu, wewe unahangaika na omu 🤣

ChapaMbezi
MASIKA mzee, masika.

Nyutro
Omu 10 na nusu kwa volti 230 ni ampea karibu 22, yaani wati kama 5,000. Umeichomeka wapi?

ChapaMbezi
Soketi ya kawaida ya ukutani. Mwanzoni ilikuwa inatoa joto vizuri tu.

Kipimajoto
Hapa naweka kikombe chini. Soketi ya pini tatu ni ya ampea 13, na fyuzi ndani ya plagi ni 13. Ukivuta 22 kwa mizunguko miwili mitatu ya mashuka, plagi ingeshakuwa nyeusi. "Ilikuwa inatoa joto vizuri" kwa umeme upi? Ama draya huna, ama hujapima kitu. Chai hii, na tangawizi imezidi.

Mzee_wa_Kamba
Nilijua tu. Elementi kabadilisha, themostati kabadilisha, duka halitajwi. Uzi wa kutafutia laiki.

Bi_Sabuni
Hata kama ni chai, mtu asafishe chujio.

ChapaMbezi
Si chai. Haya. Mashine imekuja na kontena kutoka Marekani, ndugu yangu yuko Houston, na elementi kaituma yeye. Ipo kwenye transfoma ya kushusha, 230 kwenda 110. Na kusema kweli haijatoa joto tangu ishuke bandarini. Sikutaja kwa sababu najua mtasema niiuze. Mota si inazunguka? Basi umeme upo.

Nyutro
Ungeanza na hilo, themostati zote zingebaki salama.

Draya ya umeme ya Kimarekani ina waya mbili za moto (fezi, zenye umeme) na nyutro moja (wa kurudisha umeme). Moto kwa moto ni volti 240, na hapo ndipo elementi ilipo. Moto mmoja kwa nyutro ni 120, hapo pana mota na taima. Fundi wako ameipa 110 upande wa mota, moto wa pili hauna kitu. Ndiyo maana inazunguka bila joto. Hata ile fyuzi ya joto ya kwenye nyumba ya feni haikuwa na kosa: kwenye mashine nyingi za aina hiyo ikikatika mota yenyewe haiwaki.

ChapaMbezi
Fundi alishaona hilo. Kesho anaingiza fezi ya TANESCO kwenye ule moto wa pili moja kwa moja. Na themostati moja ameiruka kwa waya ili umeme upite moja kwa moja, ya kujaribia tu.

Kipimajoto
Naondoa neno chai, naweka neno hatari.
Akiacha 110 upande mmoja na kuleta 230 upande wa pili kutoka fezi ileile, elementi inapata tofauti tu, volti 120. Nusu ya volti ni robo ya joto, kama wati 1,300. Mtasema elementi mpya nayo mbovu. Na huo waya wa kwenye themostati ukatolewe leo. Ile ya usalama hukata umeme hewa ikifika kama nyuzi 120. Bila yake, siku feni ikikwama kinachofuata kuungua ni vumbi la nguo.

Swali: ukigusa bodi ya mashine, lile bati la nje, unasikia kitu?

ChapaMbezi
Kidogo, kama sisimizi. Nikivaa kandambili sisikii. Transfoma zote si zina hivyo?

Kipimajoto
HAZINA. Chomoa kabla hujajibu.
Kebo ya mashine ni ya waya tatu?

ChapaMbezi
Tatu. Nimechomoa.

Nyutro
Kwenye kebo ya waya tatu, nyutro imeungwa na bodi kwa ukanda wa bati au waya mfupi pale kwenye temino (kishikio cha waya) ya kati. Plagi ya transfoma ikiwa imefungwa kinyume, bodi nzima ni fezi. Sikiliza mpangilio, na mpe mtu mwenye leseni afunge:

Kwanza ule ukanda utoke. Bodi ipate waya wake wa ethi hadi kwenye bodi ya umeme ya nyumba. Hili lisirukwe hata sekunde moja, kwa sababu kwenye mpango huu "nyutro" ya mashine itakuwa na volti 115.
Fezi ya nyumba iende moto wa kwanza, nyutro ya nyumba iende moto wa pili. Elementi imepata 230. Ile temino ya kati ya mashine ichukue waya wa katikati ya transfoma, iliyofungwa kati ya fezi na nyutro. Mota imepata 115. Transfoma inabeba mota peke yake, ya wati 2,000 inatosha hata wakati wa kuanza.
Katikati ya transfoma pasiungwe na ethi kamwe. Na iwe ile ya koili moja: ikiwa imechomolewa, mita ilie kati ya waya mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Isipolia, mpango huu haufai.
Laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme ya nyumba, waya wa milimita 4, breka ya 32, na kikata-umeme cha kuvuja (RCD) cha miliampea 30. Soketi ya 13 sahau.
Kabla ya kuunga mashine pima: 230, 115, 115. Ikitokea namba nyingine, zima.

Kipimajoto
Ongezea hezi. Mota ni ya 60, hapa ni 50. Itazunguka sehemu tano kwa sita za mwendo wake na itapata moto zaidi. Feni nayo imepungua kasi hivyohivyo, wakati elementi inakaribia nguvu yake yote. Nusu mzigo wa mashuka, ipumzike kati ya mizunguko. Bi Sabuni hapa ana haki: bomba fupi, chujio kila mzunguko.

Mzee_wa_Kamba
Mnapakia kontena bila kusoma kibandiko. Draya za kukusanya maji za 230 hezi 50 zinachomekwa soketi hiyohiyo ya 13, bomba la nje hazitaki.

ChapaMbezi
Nimewaelewa, ila siiuzi. Waya wa themostati nimeutoa, ukanda nimeuona. Fundi mwingine anakuja Jumamosi. Bomba nimeshanunua, PVC ya inchi 4, ile ya maji taka. Inaingia vizuri kabisa.

Bi_Sabuni
Rudisha dukani. Bati.

ChapaMbezi
Na kama nimeshaikata?