Naomba ushauri: dirisha linafungwa lakini programu haifi
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Moshi, najifunza Java (lugha ya kuandikia programu) mwezi wa nne sasa. Nimemtengenezea shangazi programu ya Swing (sehemu ya Java ya kutengenezea madirisha) ya kuandikia mauzo ya duka lake la pembejeo, Mbuyuni.

Mwanzoni akibonyeza X ya kufungia, dirisha linatoweka, ila kompyuta inazidi kuwa nzito. Kumbe JFrame (dirisha kuu la Swing) usipoiambia kitu, X inalificha dirisha tu, programu inabaki chinichini. Nikaweka EXIT_ON_CLOSE, yaani dirisha likifungwa programu nzima izimike.

Hapo ndipo nilipoharibu. X ikawa inazima kila kitu papo hapo bila kuuliza. Shangazi alikuwa ameingiza mauzo ya asubuhi nzima, mbolea na mbegu za mahindi, akagusa X kwa bahati mbaya. Yote yakapotea. Hakunigombeza, alirudi tu kwenye daftari lake, na hilo limeniuma zaidi.

Sasa nimeweka DO_NOTHING_ON_CLOSE (X yenyewe isifanye kitu), na ndani ya windowClosing, kodi inayoitwa X ikibonyezwa, namuuliza kama ahifadhi, kisha naita dispose ya kuliondoa dirisha. Pia nimeongeza Timer ya java.util inayohifadhi kila dakika 5, maana umeme ukikatika windowClosing haiitwi kabisa. Swali linatokea, anajibu ndiyo, dirisha linafungwa, lakini programu bado haifi! Nahisi Timer ndiyo inaishikilia.

Je, niisimamishe kwa cancel kabla ya dispose, au nihifadhi kisha nimalizie na System.exit inayozima programu nzima? Ipi ni salama kwa mafaili yake? Naombeni mnielekeze, kesho jioni naenda dukani kwake.